Traffic si trafiki: namna ya kulitumia neno la Kiingereza linaloangusha wengi

Maswali ni yaleyale, yanabadilisha sura tu. Mwanafunzi anauliza kwa nini kakatwa alama kwa kuandika "many traffics". Dereva wa watalii anauliza kwa nini mgeni alishangaa alipomwambia "traffic is asking for my licence". Mfasiri chipukizi anataka kujua kama "drug trafficking" ni ulanguzi, usafirishaji au biashara. Nimejibu mmojammoja hadi nimechoka, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka ya kwanza, zinazofuata zitakuchanganya zaidi.

Na usidhani nakucheka. Nilipoanza kazi ya tafsiri nilikabidhiwa habari fupi kuhusu "ivory traffickers" waliotiwa mbaroni. Ilikuwa saa tano usiku, macho mazito, nikaandika kwamba matrafiki wamekamatwa na pembe za ndovu. Mhariri alinipigia simu kabla gazeti halijaenda mtamboni, akaniuliza kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, unataka tulale ndani?" Tangu siku hiyo silitafsiri neno hili kwa mazoea.

Kabla ya kuanza, uwe na vitu hivi

- Sentensi nzima, na ikiwezekana aya nzima. Ukiniletea neno "traffic" peke yake uniulize maana yake, sina jibu.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, hata ya kwenye simu. Kamusi nyingi za Kiingereza kwa Kiswahili zinakupa maneno mawili matatu kisha zinakuacha njia panda.
- Jibu la swali hili: unamwandikia Mtanzania au Mkenya? Utaona mbele kwa nini ni muhimu.

Hatua ya 1: Mtoe askari kichwani

Hapa ndipo karibu kila kosa linapozaliwa. Kwa Kiswahili cha mtaani trafiki ni mtu. Amevaa sare nyeupe, amesimama chini ya mwembe, anakupungia mkono usimame. Tunasema "trafiki kanisimamisha", "matrafiki wako pale darajani". Tumelichukua neno la kwanza la "traffic police" tukaliacha la pili barabarani. Si dhambi, lugha ndivyo zinavyofanya. Kibao cha "keep left" kimetupatia kipilefti, na leo hakuna anayejali kwamba Mwingereza mwenyewe anakiita "roundabout".

Lakini kwa Kiingereza traffic si mtu. Ukisema "I was stopped by traffic", msikilizaji anaona magari yamekuzuia njia, haoni askari. Anayekagua leseni ni "a traffic officer" au "a traffic police officer", na katika mazungumzo ya kawaida "a traffic cop".

Onyo: wengi wakishajirekebisha hapo wanaangukia shimo la pili, wanasema "a traffic police came". "Police" ni wingi, ni kikosi. Mmoja ni "officer", na kikosi kinachukua kitenzi cha wingi: "The traffic police have closed the road".

Angalia pia kwamba Kiswahili rasmi cha Tanzania hakikulihitaji neno trafiki. Road Traffic Act ya mwaka 1973 inaitwa Sheria ya Usalama Barabarani, na askari wake ni Kikosi cha Usalama Barabarani. Waliotafsiri hawakulibeba neno, walibeba kazi yake. Ndiyo tabia ninayotaka uijenge.

Hatua ya 2: Uliza ni nini kinachopita

Maana ya msingi ya traffic ni kupita kwa vitu vingi kwenye njia fulani. Njia inaweza kuwa barabara, anga, bahari, reli, waya wa simu au mlango wa duka. Neno halikuambii ni kitu gani kinapita, ila sentensi itakuambia. Kama haisemi wazi, tafuta kipimo. Kipimo ndicho hakidanganyi:

- Ikihesabu magari kwa saa au kwa siku, ni magari yanayopita.
- Ikihesabu tani au makontena, ni shehena. Bandarini Dar es Salaam au Mombasa hakuna mtu atakayekuelewa ukisema "trafiki ya mizigo imeongezeka". Sema shehena imeongezeka.
- Ikihesabu watu wanaopanda na kushuka, ni abiria.
- Ikihesabu dakika, ni maongezi ya simu. Ripoti za mawasiliano zinaposema "voice traffic", zinazungumzia dakika za maongezi.
- Ikihesabu GB, ni data. Kampuni ikikuuzia nafasi ya tovuti kwa "traffic" ya GB 10, haikuahidi wasomaji. Inakupa kiasi cha data kinachoruhusiwa kuingia na kutoka.
- Ikihesabu ziara, ni watembeleaji wa tovuti. "Traffic to our site has dropped" ni "watembeleaji wa tovuti yetu wamepungua".

"Foot traffic" huwatisha watu bure. Ni wapita njia. Mwenye duka Kariakoo anaijua vizuri kuliko mhadhiri yeyote wa biashara: fremu ya kona inalipiwa kodi kubwa kwa sababu watu wanapita hapo, na ya uchochoroni ni rahisi kwa sababu hawapiti.

Hatua ya 3: Amua kama ni jina au kitenzi

Hii ni fupi. Likitanguliwa na "the", "heavy", "air", "road" au "internet", karibu kila mara ni jina. Likifuatwa na "in" na mbele yake kuna mtu anayefanya jambo, kama "they traffic in stolen cars", ni kitenzi, na mara nyingi kuna uhalifu karibu. Matamshi hayatakusaidia kutofautisha, maana mkazo uko silabi ya kwanza kote kuwili. Sisi tumezoea kuweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, tra-FI-ki. Mwingereza anasema TRA-fik, basi, bila irabu ya mwisho.

Hatua ya 4: Likiwa jina, lisihesabike

Mswahili akisikia traffic anaona magari, na magari ni mengi, kwa hiyo ulimi unataka wingi. Kiingereza hakioni hivyo. Kinaliona kama mkondo mmoja, kama mto. Mto una maji mengi lakini ni mto mmoja.

Si "The traffic are many today". Sema "There is a lot of traffic today" au "The traffic is heavy today".

Si "There was a traffic at Mwenge". Sema "There was traffic at Mwenge", au kama unataka kitu cha kuhesabu, "There was a traffic jam at Mwenge".

Si "fewer traffic". Sema "less traffic".

Si "big traffic". Sema "heavy traffic", na kinyume chake ni "light traffic". Ukizirudisha kwa Kiswahili, tafadhali usiandike "trafiki nzito" wala "trafiki nyepesi". Magari yalikuwa mengi, au barabara ilikuwa nyeupe. Hilo la barabara nyeupe ni letu na ni tamu, litumie.

"Much" nalo lina ukaidi wake. Katika kukanusha na kuuliza linakaa vizuri: "There isn't much traffic", "Is there much traffic?" Katika sentensi ya kawaida ya kukubali linasikika kama limevaa tai kwenye mchezo wa bao. Tumia "a lot of".

Onyo: utakutana na "traffics" kwenye Kiingereza sahihi kabisa, lakini hapo ni kitenzi. "He traffics in weapons" maana yake anafanya biashara ya silaha. Usiichukue hiyo ukamwonyeshe mwalimu kama ushahidi wa wingi.

Hatua ya 5: Tofautisha magari na foleni

Traffic peke yake si foleni. Barabara ya saa kumi alfajiri yenye magari machache yanayokwenda bila kusimama bado ina traffic, ni "light" tu. Kweli, kwenye mazungumzo Waingereza na Wamarekani husema "Sorry I'm late, there was traffic" na kila mtu anaelewa ni foleni. Lakini ukiandika ripoti au barua ya kazi, chagua neno linalosema ukubwa wa tatizo:

"Congestion" ni msongamano, magari mengi kuliko barabara inavyomudu, mwendo wa kinyonga. "A traffic jam" ni foleni yenyewe, ile unayoweza kusema ilianzia wapi na ikaishia wapi. "A tailback" ni Kiingereza cha Uingereza, ule mkia mrefu wa magari nyuma ya ajali au kizuizi. "Gridlock" ni pale makutano yote yamejifunga, kila mtu kaziba njia ya mwenzake, na honi hazisaidii kitu.

"Nimekwama kwenye foleni" ni "I'm stuck in traffic". Hakuna "a", na wala huhitaji kuongeza "jam". Sentensi hii moja ijue kwa moyo, maana ndiyo utakayoitumia kuliko nyingine zote, hasa kama unaishi Mbagala na kazi iko Posta.

Hatua ya 6: Likiwa kitenzi, ongeza k

Umbo la kawaida halina k: "traffic", "traffics". Likiongezewa "-ing", "-ed" au "-er", k inaingia: "trafficking", "trafficked", "trafficker". Sababu ni ya matamshi. Bila k, msomaji wa Kiingereza angeona c mbele ya i au e akaisoma kama s. "Panic" na "picnic" zinafanya vivyo hivyo: "panicking", "picnicking". Hiyo ndiyo nadharia yote utakayoipata kwangu leo, pamoja na hili dogo: neno lilipoingia Kiingereza, yapata karne ya 16, lilihusu biashara ya bidhaa. Magari yalikuja baadaye sana. Ndiyo maana kitenzi chake mpaka leo kinanukia biashara na hakinuki moshi wa gari.

Kwa bidhaa, kitenzi kwa kawaida kinachukua "in": "to traffic in ivory", "to traffic in drugs". Kwa binadamu anayetendewa, "in" haihitajiki: "She was trafficked to the city". Jina nalo linakubali namna mbili: "drug trafficking" na "trafficking in drugs".

Onyo: kitenzi hiki hakitumiki kwa biashara halali. Ukiandika kwenye wasifu wako "I traffic in second-hand clothes" ukimaanisha unauza mitumba, umejishtaki. Sema "I sell" au "I trade in".

Hatua ya 7: Binadamu wakihusika, simama usome mara mbili

Hapa kosa si la sarufi tena, linamgusa mtu. Kiingereza kina maneno mawili, "trafficking" na "smuggling", na sisi mara nyingi tunayatupa yote kwenye kapu moja la "usafirishaji haramu".

"Migrant smuggling" ni kuvusha watu mpaka kinyume cha sheria, kwa malipo. Vijana wa Ethiopia wanaokutwa wamebanana nyuma ya lori wakielekea Afrika Kusini mara nyingi wamelipa ili wavushwe. Kosa limefanywa dhidi ya nchi na mipaka yake.

"Human trafficking" si lazima mpaka uvukwe. Kinachotazamwa ni unyonyaji. Mtu amechukuliwa, amesafirishwa au amehifadhiwa, kwa nguvu, ulaghai au kutumia udhaifu wake, ili atumikishwe. Ndivyo Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, ile ya Palermo, inavyolieleza, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 huhitaji hata kuthibitisha ulaghai au nguvu. Binti anayetolewa kijijini Iringa kwa ahadi ya kusomeshwa, kisha akafungiwa ndani ya nyumba Dar es Salaam akifanya kazi bila mshahara, anaingia humo, ingawa hakuvuka mpaka wowote na nauli ya basi alilipiwa kihalali.

Kwa hiyo unapotafsiri "she was trafficked", usiandike "alitoroshwa". Kutoroshwa ni jambo jingine. Usiandike "aliuzwa" kama chanzo hakisemi aliuzwa. Mimi huandika "alisafirishwa kiharamu ili atumikishwe". Ni ndefu, najua. Lakini hicho kipande cha "ili atumikishwe" ndicho kinachobeba maana yote. "Migrant smuggling" naliandika "uvushaji haramu wa wahamiaji", ili msomaji aone mpaka. Kwa "smuggling" ya bidhaa tuna neno letu zuri la magendo. Hilo usiliguse kwa binadamu.

Hatua ya 8: Chagua Kiswahili cha msomaji wako

Vyombo vya habari vya Kenya vinasema "ulanguzi wa dawa za kulevya", "ulanguzi wa binadamu", na mhusika ni "mlanguzi". Msomaji wa Nairobi anaelewa papo hapo. Mpe Mtanzania sentensi ileile, hasa mwenye umri, na mlanguzi anayemjia kichwani ni yule anayeficha sukari aiuze kwa bei ya kuruka, au anayeuza tiketi ya basi mara mbili ya bei yake stendi. Waliokuwa watu wazima mwaka 1983, wakati wa kampeni ya Waziri Mkuu Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi, wanalikumbuka neno hilo pamoja na sabuni zilizotupwa vichakani usiku.

Kwa Tanzania, basi, andika "biashara ya dawa za kulevya" na "usafirishaji haramu wa binadamu". Kwa Kenya, ulanguzi. Ukiandikia wote kwa pamoja, "biashara haramu ya" inapita kote bila kumkwaza mtu.

Foleni nayo: Mtanzania ana foleni, Mkenya mtaani ana jam, na taarifa ya habari kokote ina msongamano wa magari. Ukitumia la mwisho hukosei, ila utasikika kama msoma taarifa.

Ukikwama

Umekutana na "hit traffic". Hakuna aliyegonga kitu. "We hit traffic at Ubungo" ni "tulikutana na foleni Ubungo". Nimewahi kuona imetafsiriwa kuwa ajali.

Umekutana na "beat the traffic". Hakuna aliyempiga trafiki, ashukuriwe Mungu. Maana yake ni kuwahi kutoka kabla foleni haijaanza.

"Traffic lights" umeandika "taa za barabarani" na mhariri anakuuliza ni taa zipi. Ana haki, kwa sababu taa za kumulika usiku nazo ni za barabarani. Andika "taa za kuongozea magari". Katika mazungumzo, mataa inatosha. Na kama wewe ni dereva wa lori unayepita Tunduma kuingia Zambia, ukiambiwa "turn left at the robots" usitafute mashine inayotembea. Huko, kama Zimbabwe na Afrika Kusini, "robots" ni hayohayo mataa.

"Air traffic controller" imekushinda. Ni mwongoza ndege. Tayari tunalo, linatumika, huna haja ya kuunda "mdhibiti wa trafiki ya anga".

"Oncoming traffic" haina neno moja na usilitafute. Sema magari yanayokuja mbele yako. "Through traffic" ni magari yanayopita tu bila kusimama pale.

Umeona "he traffics in rumours" ukashangaa nani ananunua uvumi. Hapo kitenzi kimetumika kwa mafumbo. Anaeneza uvumi kwa faida yake. "Mtaji wake ni umbea" inakaa vizuri zaidi kuliko tafsiri yoyote ya neno kwa neno.

Umekuta TRAFFIC kwa herufi kubwa tupu kwenye ripoti ya wanyamapori. Hilo ni jina la shirika, lilianzishwa mwaka 1976, na kazi yake ni kufuatilia biashara ya wanyama na mimea pori. Liache lilivyo. Ukilitafsiri utakuwa umewatuma askari wa usalama barabarani porini kuhesabu pembe za ndovu, na mhariri wangu bado ana namba yangu ya simu.